Karani aliyetuachia Kusadikika

Ukisikia jina Shaaban Robert, pengine unakumbuka tu mwalimu wa Kiswahili akitaka uorodheshe maudhui na mbinu za uandishi. Pole. Hebu tuanze upya, maana maisha ya jamaa huyu yana moto kuliko tulivyoambiwa darasani.

Alizaliwa Januari 1, 1909, Vibambani, karibu na Tanga. Akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, basi. Chuo kikuu hakukanyaga. Akapata kazi ya ukarani kwenye forodha, na kwa zaidi ya miaka 30 akabaki karani wa serikali ya Mwingereza: forodha, idara ya wanyamapori, ofisi ya jimbo Tanga, kisha upimaji ardhi. Mchana makaratasi ya wakubwa. Vitabu vyake vikangoja muda uliobaki.

Lakini humo vitabuni ndimo alimosemea. Chukua Kusadikika, kilichotoka 1951. Nchi yenyewe iko hewani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, kisa ati anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa ng'ambo kutafutia nchi yao mema, wakarudi na mawazo mapya, wakatupwa jela. Hayo yanaandikwa na karani wa koloni! Na kwa vile nchi ni ya kubuni, mkubwa gani angesimama aseme ametajwa yeye?

Kinachoniuma ni hiki. Kufikirika alikiandika 1946, kikachapishwa hapa Nairobi 1967. Utubora Mkulima, kuhusu mtu anayeacha kazi ya mjini akalime, kikatoka 1968. Mwenyewe alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53. Tanganyika huru aliiona kwa miezi sita tu. Vitabu hivyo viwili hakuvishika kamwe.

Mimi pia chuo sikumaliza, na kwa muda mrefu nilidhani kuandika ni kwa wenye digrii. Karani huyu amenitoa ujinga. Hakungoja cheti wala mchapishaji. Aliandika, akaacha miswada ikamilike mbele yake au nyuma yake.

Kusadikika ni chembamba, wikendi moja inatosha. Safari hii kisome bila kuwazia mtihani, uone kama hutamtambua Majivuno fulani unayemjua.