Atiman wa Karema, daktari aliyekuwa timu nzima

Ukizaliwa Sumbawanga mjini, jina la Atiman unalisikia kabla hujajua kusoma. Ni jina la hospitali. Watu wanasema tu "nakwenda Atiman" kama wanavyosema nakwenda sokoni. Mimi nilifika chuoni mwaka wa kwanza nikiamini kabisa kwamba Atiman alikuwa padri Mzungu mwenye ndevu ndefu. Kumbe! Alikuwa Mwafrika mweusi kama mimi na wewe, na aliingia kwenye udaktari kwa njia ya utumwa.

Adrien Atiman alizaliwa mnamo 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko mwaka 1876 Mapadri Weupe wakamnunua ili kumwacha huru. Shirika hilo lilianzishwa na Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, mwaka 1868, na mzee huyo alikuwa na mpango wake. Aliona kwamba mmisionari akiingia kijijini na Injili peke yake atasikilizwa na wachache, lakini mtu anayeponya vidonda hafukuzwi na mtu. Basi akaamua kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa, wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1881 akafungua nyumba yao kisiwani Malta, na Atiman akawa mmoja wa waliosoma huko hadi 1888.

Tuliangalie vizuri jambo hili, maana sisi wa afya linatuhusu. Lavigerie hakuwa akiandaa timu. Alimwandaa mtu mmoja aweze kufanya yote: apasue, agawe dawa, azalishe, afundishe katekisimu, azike. Kwa bajeti ya wakati ule ilikuwa hesabu nzuri. Kwa mtu mwenyewe, sijui.

Mwaka 1888 Atiman alisafiri kwa meli hadi pwani yetu, kisha akatembea na msafara kutoka Bagamoyo kuelekea ziwa Tanganyika, akafika Karema mwanzoni mwa 1889. Wasioijua Karema: ni kandokando ya ziwa, chini kabisa, joto na mbu, siyo kama kwetu juu Ufipa ambako asubuhi unavaa sweta hata mwezi wa sita. Zamani ilihesabiwa Rukwa. Sasa ni Katavi, tangu mikoa hiyo igawanywe 2012. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885. Atiman akakaa hapo na hakuhama tena. Alioa mwanamke wa Kibende, Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akaja kuwa padri.

Kazi ilikuwaje? Fikiria kituo ambacho kila chupa ya dawa imebebwa kichwani kutoka pwani. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, yaani miaka ishirini na mitano baada ya yeye kuanza kazi. Ndui ilikuja, malale yakapiga vijiji vya kandokando ya ziwa, malaria haikupumzika. Hata vidonge vya aspirini, ambavyo leo unavinunua dukani pamoja na chumvi, viliingia sokoni Ulaya mwaka 1899, yeye akiwa ameshafanya kazi miaka kumi. Hakuwa peke yake duniani, ni kweli. Walikuwepo makatekista na masista, na mwaka 1907 pale pale Karema likaanzishwa shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao watu wa Sumbawanga tunawajua vizuri. Lakini daktari wa kituo alikuwa yeye.

Sitaki kumfanya mtaalamu wa maumivu sugu. Hakuwa, na wakati wake jina hilo halikuwepo. Ninachokiona ni kitu kingine. Alikaa mahali pamoja karibu miaka 67. Mgonjwa aliyeletwa kwake akiwa mtoto alimrudia akiwa bibi. Daktari wa namna hiyo hawezi kusema "rudi baada ya wiki mbili" halafu akahamishiwa wilaya nyingine. Mgongo usiopona anakutana nao kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

Hapo ndipo namkumbuka bibi yangu. Amelima ntumba maisha yake yote, yale matuta ya duara ya Kifipa ambayo unainama, unafukia majani, unasonga hatua moja, unainama tena. Sasa mgongo unauma mwaka wa tisa. Katika kituo kimoja (nisikitaje) alipewa vidonge vya maumivu. Kingine, vidonge vile vile vya rangi tofauti. Mganga wa kienyeji akampa mafuta na jina la mtu aliyemroga, kwenye mji ambao jina lake lenyewe, wazee wanasema, maana yake ni tupa uchawi! Kila mmoja alimtibu, hakuna aliyeongea na mwenzake. Vidonge vikamharibu tumbo.

Alipokuwa Atiman kazini miaka yake ya mwisho, mambo yalianza kubadilika kwingine. Mwaka 1953 daktari wa usingizi aitwaye John Bonica, huko Marekani, alichapisha kitabu kizito kuhusu kutibu maumivu. Bonica alijilipia masomo kwa kupigana mieleka, na mwili wake mwenyewe ukabaki unauma hadi kufa. Alikuwa amegundua wakati wa vita, akiwatibu askari, kwamba maumivu yanayodumu hayamtoshi mtaalamu mmoja. Daktari, muuguzi, mtu wa mazoezi ya viungo, mtu wa saikolojia wakae meza moja, wamjadili mgonjwa mmoja. Kutoka hapo ndiko zilikoanzia kliniki za maumivu, na leo maumivu yakizidi miezi mitatu yanahesabiwa kuwa sugu na yanataka mpango wake, siyo kuongezewa dozi tu.

Tuseme ukweli, wenzangu: sisi tunafundishwa bado kama vijana wa Malta. MD wana darasa lao, wauguzi lao, famasia jengo la kule, fiziotherapia wengi wetu hatujui hata mlango wao. Tunakutana kantini na kwenye foleni ya boom. Halafu tunapelekwa wilayani ambako tabibu mmoja, nesi wawili na mhudumu wa afya wa kijiji wanatakiwa wawe timu kuanzia Jumatatu. Kesi moja tu kwa wiki tukijadili pamoja, yule bibi wa ntumba tumweke katikati, kila mmoja aseme anachokiona, ingetosha kuanzia. Haihitaji mashine wala mfadhili.

Mwaka 1946 habari za maisha ya Atiman, kwa maelezo yake mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records; maktaba zetu kubwa zinalo, kalitafuteni. Alipewa nishani uzeeni. Alifariki Karema mwaka 1956, umri wake unakaribia miaka tisini, bado akiitwa daktari wa kituo kile kile alichokifikia kwa miguu akiwa kijana.

Field ya mwaka huu nimeomba Nkasi, pamoja na mwenzangu wa fiziotherapia. Nilipompigia bibi kumwambia, hakuuliza chochote kuhusu mimi. Aliuliza huyo binti wa mazoezi atafika lini.