Moraa wa Kitutu na Moto wa Serikali

Wanafunzi wanapoulizwa kuhusu wanawake waliopinga ukoloni nchini Kenya, jina la Mekatilili wa Menza hutajwa upesi. Jina la Moraa wa Ng'iti halisikiki sana nje ya Kisii na Nyamira. Hata hivyo, maisha ya mama huyu yana funzo kubwa, hasa kwa wanaojiuliza ni kwa nini sheria za kuzuia moto misituni na nyikani hazikupata kuaminiwa na wananchi tangu mwanzo.

Moraa alikuwa mwanamke wa Kitutu, nchi ya Abagusii ambayo leo imegawanyika baina ya kaunti za Kisii na Nyamira. Alisifika kwa uganga na utabiri, na neno lake lilikuwa na uzito mbele ya wazee na vijana. Zamani zake ndizo zile ambazo watu walikuwa wakisimuliana utabiri wa Sakawa, aliyesemekana kuona mapema ujio wa wageni.

Wageni hao walifika kwa bunduki. Mwaka wa 1905 serikali ya Uingereza ilituma askari kuwaadhibu Abagusii, na mikuki haikufua dafu mbele ya bombomu. Mwaka wa 1907 kikafunguliwa kituo cha utawala mahali ulipo mji wa Kisii sasa. Ofisa wake, Geoffrey Northcote, aliitwa na wenyeji Nyarigoti, jina la kigeni likiwa limevikwa matamshi ya Ekegusii.

Moraa hakuyakubali mambo hayo. Aliwahimiza vijana wa Kitutu wasikae kimya nchi yao ikitwaliwa. Mmoja wao, Otenyo Nyamaterere, ambaye mapokeo humtaja kuwa jamaa yake, alimvizia Northcote Januari 1908 na kumchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini akapona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong.

Serikali ilijibu kwa moto. Askari walipita Kitutu wakichoma nyumba na mazao. Ng'ombe zaidi ya 5,000 walitekwa, na watu wasiopungua 100 wakauawa. Mauaji hayo yalipita kiasi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akayalalamikia. Otenyo alikamatwa akauawa, na mapokeo yasema kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Moraa naye yasemekana alikamatwa, kisha akaachiliwa. Aliishi kuyaona majivu ya Kitutu.

Yafaa sasa tutazame upande wa pili wa serikali hiyo hiyo. Tangu 1902 ilikuwa na kanuni za misitu. Mwaka wa 1907, mwaka ule ule wa kituo cha Kisii, David Hutchins alikuja kuongoza idara ya misitu, akiwa na uzoefu wa kazi hiyo huko India na Afrika Kusini. Mwaka wa 1911 ikatoka Sheria ya Misitu. Katika fikira za maofisa wa misitu wa zama hizo, moto wa mwananchi ulikuwa adui. Mkulima aliyechoma kichaka ili apande wimbi, mfugaji aliyechoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yachipuke, na mrina asali aliyebeba kienge, wote walihesabiwa kuwa waharibifu.

Moto mmoja, basi, ulihukumiwa kwa mizani miwili. Katika mkono wa mkulima uliitwa kosa. Katika mkono wa askari uliitwa amani. Mtu aliyeona ghala la baba yake likiteketezwa na serikali angewezaje kuisadiki serikali hiyo ilipomwambia kwamba inauchukia moto?

Sisemi kwamba kuzuia moto ni jambo baya. Mlima Kenya uliwaka mwaka wa 2012, na Aberdare mwaka wa 2022. Hasara yake ni ya vyanzo vya maji yetu sote. Ninalosema ni kwamba sheria ya moto haisimami kwa faini peke yake. Husimama pale mwananchi anapouona msitu kuwa wake. Sheria ya misitu ya 2005 ilikiri jambo hilo ilipozipa jumuiya nafasi ya kushiriki katika utunzaji wa misitu, na ile ya 2016 ikaliendeleza. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika hapo.

Walimu wa Kisii na Nyamira wana kazi nyepesi yenye faida kubwa. Wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize jinsi moto ulivyotumiwa zamani mashambani, ulivyowashwa kwa majira gani, na ulivyozimwa kwa ushirikiano gani. Wayaandike majibu kabla wazee hawajatutoka. Wakimaliza, wasome habari za Moraa. Hapo watatambua kwamba Kitutu haikuteketezwa na watu waliokosa maarifa ya moto, bali na serikali iliyojiona kuwa ndiyo pekee yenye haki ya kuuwasha.