Max Wilms

Max Wilms (Hünshoven, karibu na Aachen, 5 Novemba 1867 – Heidelberg, 14 Mei 1918) alikuwa daktari mpasuaji na mtaalamu wa patholojia kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya saratani ya figo ya watoto ambayo hadi leo inaitwa uvimbe wa Wilms.

Maisha

Wilms alikuwa mtoto wa mwanasheria. Alisoma tiba katika vyuo vikuu vya Munich, Marburg, Berlin na Bonn, akapata shahada ya udaktari mwaka 1890. Alifanya kazi ya patholojia huko Giessen, kisha akawa msaidizi wa mpasuaji Friedrich Trendelenburg huko Leipzig. Mwaka 1907 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji huko Basel, Uswisi, na kuanzia mwaka 1910 alifundisha Heidelberg.

Utafiti

Uvimbe huo ulikuwa umeelezwa tangu mwaka 1814 na Mwingereza Thomas Rance. Hata hivyo madaktari hawakuelewa kwa nini ndani ya uvimbe wa figo zilionekana tishu zisizo za figo, kama vile nyuzi za misuli. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1899 kuhusu uvimbe wenye tishu mchanganyiko, Wilms alieleza kwamba tishu hizo zote zina asili moja: seli changa za kiinitete ambazo hazijakomaa.

Kifo

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alimfanyia upasuaji wa koo mfungwa wa vita, afisa Mfaransa aliyeugua dondakoo na kushindwa kupumua. Mgonjwa alipona, lakini Wilms aliambukizwa ugonjwa huo akafariki baada ya siku chache, akiwa na umri wa miaka 50.

Uvimbe wa Wilms leo

Uvimbe huu huwapata hasa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mara nyingi mzazi ndiye anayegundua kwanza kwamba tumbo la mtoto limevimba. Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni ultrasaundi. Pale ambapo picha haieleweki vizuri, baadhi ya hospitali huingiza kwenye mshipa wa damu dawa yenye viputo vidogo sana vya gesi. Viputo hubaki ndani ya mishipa na kuonyesha jinsi damu inavyopita katika uvimbe, hivyo husaidia kutofautisha uvimbe na mfuko wa maji. Gesi yake hutoka kwa njia ya mapafu, kwa hiyo haiielemei figo, na kipimo hakitumii mionzi. Lakini aina ya uvimbe huthibitishwa kwa kuchunguza tishu kwa hadubini, kama alivyofanya Wilms.

Kwa upasuaji na dawa, penye huduma nzuri watoto takriban 9 kati ya 10 hupona. Katika nchi nyingi za Afrika idadi ni ndogo zaidi, kwa sababu watoto wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa au hukatisha matibabu.