Robert Koch na Papasi wa Njia ya Misafara

Miongoni mwa wataalamu wa Ulaya waliochunguza mwili na maradhi yake katika Afrika Mashariki, Robert Koch ana nafasi ya pekee, ingawa wengi humkumbuka kwa kifua kikuu tu. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba, 1843, akahitimu udaktari Göttingen mwaka 1866. Mwaka 1876 alieleza maisha ya bakteria wa kimeta. Mwaka 1882 akamtambulisha yule wa kifua kikuu. Hayo yanafahamika.

Yasiyosemwa sana ni ya mwaka 1905. Mpwapwa, kabla ya nyika kavu ya Marenga Mkali, ilikuwa kituo ambapo misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipumzika na kutafuta maji na chakula. Katika vituo vya namna hiyo wapagazi walilala chini, ndani ya vibanda na matembe ambayo nyufa zake zilihifadhi papasi. Siku kadhaa baadaye baadhi yao walishikwa na homa iliyopoa, kisha ikarudi. Koch alikusanya papasi katika njia za misafara, akaviona vijidudu vya homa hiyo ndani yao, na hata ndani ya mayai yao. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake: papasi humrithisha mwanawe ugonjwa, kwa hiyo kibanda chaweza kudhuru hata kama hakikulaza mgonjwa kwa muda mrefu. Dutton na Todd walifikia jambo hilohilo Kongo mwaka huohuo; Dutton alikufa kwa homa hiyo, na kijidudu kikapewa jina lake.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba Koch ndiye aliyegundua kuwa papasi huleta homa. Livingstone alikwisha kutaja madhara ya kung'atwa naye katika kitabu chake cha mwaka 1857, na Kiswahili chenyewe humtenga papasi na kupe. Koch alieleza njia; hatari yenyewe ilijulikana na waliolala chini.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Uganda, akitibu malale kwa atoksili. Dawa ilipoonekana haitoshi aliongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima, na wagonjwa wapatao 22 wakapofuka. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910. Majina ya wagonjwa wale hayamo katika sifa zake.