Alice Ball: Mkemia aliyewapa nafuu wagonjwa wa ukoma, sifa akapewa mwingine

JINA la Nunge, Kigamboni, bado linawakumbusha wakazi wengi wa Dar es Salaam wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamaa zao. Ni wachache wanaofahamu kuwa dawa ya sindano iliyotegemewa kabla ya miaka ya 1940 kutibu maradhi hayo ilitokana na kazi ya mwanamke kijana, Mmarekani mweusi, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Alice Augusta Ball alizaliwa Seattle, Marekani, Julai 24, 1892. Babu yake, James Presley Ball, alikuwa mpiga picha mashuhuri, na huenda dawa za kusafishia picha ndizo zilizomvuta mjukuu kwenye kemia. Alipata shahada mbili katika Chuo Kikuu cha Washington, ya kemia ya dawa mwaka 1912 na ya famasia mwaka 1914. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza, na mtu mweusi wa kwanza, kutunukiwa shahada ya uzamili na Chuo cha Hawaii, kisha akaajiriwa kufundisha kemia hapo hapo.

Wakati huo, mgonjwa wa ukoma visiwani Hawaii alikamatwa kama mhalifu na kupelekwa Kalaupapa, katika kisiwa cha Molokai, utaratibu uliokuwapo tangu mwaka 1866. Tiba iliyokuwapo ni mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra, yaliyotumika India na China kwa karne nyingi. Yakinywewa, yalimtapisha mgonjwa. Yakidungwa kwa sindano, yaliganda chini ya ngozi na kuacha vivimbe vyenye maumivu makali, kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji ya mwilini.

Daktari Harry Hollmann wa Hospitali ya Kalihi alimwomba Ball msaada. Akiendelea kufundisha, mkemia huyo alitenganisha asidi za mafuta hayo na kuzigeuza kuwa esta, kimiminika chepesi ambacho mwili uliweza kukifyonza. Haikuwa tiba kamili, lakini baadaye wagonjwa 78 wa Kalihi waliruhusiwa kurudi makwao.

Ball hakuyaona hayo. Alifariki dunia Desemba 31, 1916, kabla ya kuchapisha matokeo yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, aliiendeleza kazi hiyo na kuichapisha bila kumtaja, na njia hiyo ikaitwa kwa jina la Dean. Ni Hollmann pekee aliyesema kweli, katika makala ya mwaka 1922, lakini hakusikilizwa.

Miaka ya 1970 watafiti walianza kufukua kumbukumbu zake. Mwaka 2000 chuo hicho, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Hawaii, kiliweka kibao cha kumbukumbu yake kwenye mti wa chaulmoogra uliopo chuoni. Jina la Dean liko kwenye jengo zima.