Maria Montessori, daktari aliyewapa watoto viti vya kimo chao

Kiti kifupi, meza nyepesi na kabati ambalo mtoto wa miaka 3 anaweza kulifungua mwenyewe: leo vitu hivi ni vya kawaida katika shule nyingi za chekechea. Zaidi ya miaka 100 iliyopita havikuwa hivyo. Aliyevifanya vijulikane duniani ni Maria Montessori, daktari wa Italia, na alianzia katika mtaa wa maskini mjini Roma.

Alizaliwa tarehe 31 mwezi wa nane mwaka 1870 huko Chiaravalle, akiwa mtoto pekee wa baba mtumishi wa serikali. Mwaka 1896 alimaliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake madaktari nchini Italia walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Alisoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, akatengenezesha vifaa vya kushika na kupanga kwa mikono. Watoto ambao wengi walikuwa wamewakatia tamaa walianza kujifunza. Hapo akajiuliza: kama hawa wanaweza, ni nini kinachowazuia watoto wenye afya kusonga mbele zaidi?

Jibu lilikuja kupitia kampuni ya nyumba. Katika mtaa wa San Lorenzo, kampuni hiyo ilikuwa imekarabati majengo ya wafanyakazi. Wazazi walitoka asubuhi kwenda kazini, na watoto wadogo waliobaki peke yao walichafua kuta na kuharibu ngazi. Kampuni ikaamua kuwakusanya katika chumba kimoja, na kumwita Montessori awasimamie. Tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka 1907, Nyumba ya Watoto ilifunguliwa, ikiwa na watoto wapatao 50.

Pesa zilikuwa kidogo. Kwa kuwa kampuni haikuwa na bajeti ya shule, chumba kilipewa vitu kama vya ofisi, bila madawati. Kulikuwa na meza za watoto, viti vidogo, meza ya mwalimu, na kabati kubwa ambalo ufunguo wake ulikaa kwa mwalimu. Mwanamke aliyepewa kazi hiyo hakuwa amesomea ualimu.

Siku moja kabati lilisahauliwa bila kufungwa. Mwalimu alipofika, alikuta watoto wamelifungua na kila mmoja anachukua kifaa cha kufanyia kazi. Yeye aliona ni wizi. Montessori aliona jambo lingine: watoto walikuwa tayari wanajua vifaa vile vizuri na wanaweza kuchagua wenyewe. Kabati kubwa liliondolewa, yakawekwa makabati mafupi yaliyo wazi, na kila mtoto akafundishwa kurudisha kitu mahali pake.

Kutoka hapo chumba chote kilipangwa kwa kipimo cha mtoto. Meza na viti vilikuwa vyepesi ili watoto wavihamishe wenyewe. Pa kunawia palikuwa chini, mikono midogo ifike bila msaada. Watoto walifagia, wakapanga meza na kutunza mimea. Katika kitabu chake cha mwaka 1909, Montessori alieleza kwamba kiti chepesi kikiangushwa kinapiga kelele, na mtoto anajua mwenyewe kwamba amekosea; dawati zito lililofungwa chini linaficha kosa hilo.

Maisha yake yalikuwa na jeraha moja. Mwaka 1898 alimzaa Mario bila kuolewa. Kwa desturi za wakati ule, jambo hilo lingeweza kumaliza kazi yake, na mtoto akalelewa kijijini na familia nyingine. Alipokuwa akiandaa chumba cha watoto wa San Lorenzo, mwanawe alikuwa akikulia mbali naye. Mario alirudi kwa mama akiwa kijana, na baadaye akawa msaidizi wake mkubwa.

Shule zake zilienea Ulaya na Marekani. Baada ya kutoelewana na utawala wa Mussolini, shule zake zilifungwa Italia. Mwaka 1936 vita vya Hispania vilimtoa Barcelona, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Vita vya dunia vikamzuia huko, na akarudi Ulaya mwaka 1946.

Alifariki tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akiwa na miaka 81. Mario ndiye aliyeendeleza kazi hiyo. Mwaka 1990 Italia iliweka picha ya Montessori kwenye noti ya lira 1000, na upande wa pili watoto wawili wakiwa katika masomo yao.