Muuza Vitambaa Aliyenasa Wadudu Kwa Meno ya Wazee

Unadhani lazima uwe na digrii ndio dunia ikujue? Cheki story ya Antonie van Leeuwenhoek. Msee alizaliwa 1632 pale Delft, Uholanzi. Chuo hakukanyaga, Kilatini hakujua, riziki yake ilikuwa kuuza vitambaa. Lakini alikuwa mnoma wa kusaga lenzi, na zake zilikuza kitu zaidi ya mara 200.

1680 akapiga macho hamira ya bia, akaona viduara vidogo. Hiyo ni kuvu, ila wakati huo hakujua kama ina uhai. Mwaka huo huo Royal Society ya London ikamfanya mwanachama.

1683 ndio akawasha moto. Jamaa alikuwa akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, lakini bado akakwangua utando mweupe katikati ya meno yake, akautia majini, akachungulia. Lo! Vijidudu vinaogelea. Akasaka wazee ambao hawajawahi kusafisha meno maisha yao yote. Kwa mmoja, vilijaa hadi ungedhani maji yenyewe yana uhai. Baadaye akagundua kahawa ya moto sana inaviua vya meno ya mbele, vya nyuma viko tu. Kwa hivyo usidanganyike, kahawa chungu si mswaki.

Aliaga 1723 akiwa na miaka 90, na siri ya lenzi zake kali akaenda nayo.

Sasa wewe wa Shika Adabu, yakuhusu nini? Hivi: alichoona mbalimbali, kuvu kwa bia na bakteria kwa meno, leo tunajua vinaungana mdomoni mwa mzee. Bakteria wanageuza sukari kuwa gundi, kuvu ya kandida, ndugu wa mbali wa hamira, inajibandika hapo, wanajengeana mtaa. Mate yakikauka kwa sababu ya dawa, ama meno bandia yakilala mdomoni usiku, mtaa unapanuka. Mdomo unawaka, kula kunakuwa noma.

Kwa hivyo nyanya akianza kukataa chakula, usiseme ni uzee tu. Muombe kwa heshima uangalie mdomo. Usiku ayatoe meno bandia, yasuguliwe, yalowekwe kwa maji. Ukiona utando mweupe au wekundu usioisha, mpeleke kwa daktari wa meno. Leeuwenhoek alichungulia bila kuambiwa na mtu. Wewe ushaambiwa.